Koti Lililogeuzwa

Ndugu wawili wamefungwa kiuno kimoja. Wakipatana, wa tatu anagawanyika. Ni nini hicho? Ni mkasi. Na katika karakana ya Bibi mkasi ulikaa kwenye msumari wake juu ya meza ndefu, kila mtu akiuona, wachache wakiugusa.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango wake mpana ukitazama barabara. Humo walishona sare: za shule, za wauguzi, za walinzi, za wapishi wa mahoteli. Cherehani zilipangwa ukutani kama ng'ombe kwenye hodhi la maji. Kando yake kulikuwa na meza ya kukatia, meza ya pasi ya Mjomba, na kiti kifupi cha Mama Vifungo, ambaye kazi yake imo ndani ya jina lake. Mjomba alikuwa mtoto wa Bibi wa kumzaa. Mama Vifungo hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, ila alikuwa amekaa nao sana hata akawa anagombana na kila mtu kama ndugu.

Sheria ya nyumba ilikuwa hivi. Unaweza kushona humo mpaka mgongo upinde, lakini kukata hukati. Kukata ni kwa fundi, na fundi ni yule aliyekabidhiwa mkasi na Bibi mwenyewe. Anayetaka kukabidhiwa hushona nguo moja ya kuvaa yeye. Bibi humkatia kitambaa. Mengine yote ni mkono wake peke yake. Siku ikifika anaivaa asubuhi na kufanya nayo kazi kutwa, anainama nayo, anabeba nayo mizigo. Bibi akishaingia mlangoni, sindano hairudi tena kwenye nguo hiyo mpaka jioni. Na mshonaji haelezi. Nguo ijisemee.

Jioni Bibi anaikagua. Akinyamaza, umepita. Akifungua mdomo, umekwisha, maana Bibi hakuwa mtu wa kusifu. Maneno yake yote aliyaweka akiba kwa ajili ya makosa. Mshono ukiwa sawa alipitisha kidole na kusonga mbele. Watu walikuwa wakiutafuta ukimya ule kama wengine wanavyotafuta mshahara.

Aliyekuwa akiutazama mkasi kwa jicho la njaa siku hizo ni mjukuu wa Bibi, mtoto wa binti yake mkubwa. Karakana nzima ilimwita Gitaa, kwa sababu mdomo wake haukukoma kupiga nyimbo za roki: gitaa alilitoa puani, ngoma akaipiga kwa kidole cha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Mjomba alisema ukitaka kujua kama Gitaa anaumwa, sikiliza. Akinyamaza, tafuta dawa.

Mwaka ule kulikuwa na wimbo mmoja uliomshika shingoni. Aliyeuimba alikuwa kijana mwenye sauti ya kukwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Anaanza taratibu, anasimulia jinsi alivyovishwa nguo alizochaguliwa na wengine, akatembezwa ndani yake kama kifurushi cha mtu. Kisha magitaa yanalipuka na yeye anapiga kelele kwamba leo anavaa ndani yake nje, atazamwe. Mwisho anasema alikwenda hivyo hivyo nyumbani kwao, na mama yake akamgusa bega, akanyamaza. Hapo magitaa yote yanakatika. Kinabaki kitu kinagonga peke yake, taratibu, kisha haraka, kisha kinaisha.

Vijana waliupenda wimbo ule mpaka wakaanza kuvaa fulana zilizogeuzwa, lebo zikipepea kisogoni. Barabara nzima ukiitazama ungedhani watu wamevaa gizani. Gitaa naye alivaa hivyo kwa muda. Halafu akaacha, na binamu yake, kijana aliyekuwa akitengeneza simu duka la tatu kutoka hapo, akamwita mbele ya watu.

"We Gitaa, umevaa fulana vizuri leo, una nini? Umeuhama wimbo?"

"Sijauhama. Nimeuelewa."

"Haya, mwalimu, tufundishe."

"Yule hajasema kitu cha kugeuza fulana. Fulana unaigeuza kwa dakika moja, jioni unairudisha. Mtu hawezi kulia vile kwa ajili ya kitu cha dakika moja."

"Sasa kasema nini?"

"Amegeuza koti. Amelifumua lote, kipande kwa kipande, akakigeuza kitambaa, akalishona upya. Watu walifanya hivyo zamani koti likipauka. Ndani inakuwa nje, na mishono yote inakaa mahali pake. Ni kazi hiyo, si maringo."

"Hayo umeyaona wapi kwenye wimbo?"

"Pale magitaa yanaponyamaza. Kile kinachogonga si ngoma, ni cherehani."

Binamu alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. "Kila kitu kwako cherehani. Na mama yake je? Kamgusa bega kanyamaza. Yule kakasirika, kila mtu anajua."

"Si kila mtu amekaa na Bibi," Gitaa akasema, akamwacha na nguzo yake.

Jioni hiyo alimkuta Bibi kizingitini anachambua maharage, sinia limekaa mapajani.

"Bibi, mwezi huu nataka kuvaa."

Katika nyumba ile neno kuvaa likisemwa namna hiyo halikuhitaji kuongezewa kitu. Bibi hakuinua macho. "Nikukatie kitambaa gani?"

"Usinikatie. Nipe lile koti lako la kazi, lile la bluu lililo nyuma ya mlango."

"Lile tunalofutia mashine?"

"Hilo hilo."

"Utalikata?"

"Nitalikata na nini, Bibi? Mkasi ninao?"

Bibi akatupa kijiwe uani, akacheka puani. "Mke mwenzangu wewe hutosheki. Babu yako umeshaniibia, sasa unataka na koti."

Lakini aliinuka, akalitungua mwenyewe, akalikung'uta vumbi na kumpa.

Koti hilo Bibi alilivaa tangu karakana ikiwa na cherehani moja na mbuzi aliyefungwa mlangoni. Lilikuwa la pamba nzito, halina bitana. Nje lilipauka likawa rangi ya majivu. Ndani lilikuwa bado bluu ya wino. Gitaa alilifumua baada ya kazi, mwanga wa jioni ukiingia kwa mlango mpana, kwa kisu kidogo cha kufumulia, uzi mmoja mmoja. Hakuna alichokata. Alikuwa na hakika kwamba hata yule mwimbaji hakukata kitu: mwenye kukata hutupa, na sauti ile haikuwa ya mtu aliyetupa.

Na koti, likifumuliwa, likaanza kusema. Alipotoa mfuko wa kifuani akakuta chini yake mraba wa bluu safi, kama dirisha, kwa kuwa jua halikuwahi kufika hapo. Kwenye mkono wa kulia kulikuwa na alama ya kuungua, umbo la ncha ya pasi. Tumboni kitambaa kimesagika mstari mmoja mrefu, pale Bibi alipokuwa akijiegemeza kwenye meza ya kukatia. Ubavuni akakuta njia mbili za matundu ya sindano, moja ikifuata nyingine kwa sambamba. Gitaa akasimamisha kisu. Koti lilikuwa limepanuliwa, kisha likarudishwa. Akaelewa kwamba Bibi alikuwa na mimba ya mama yake, na tumbo lilipokua aliliachia koti nafasi, akaendelea kukata.

Alikishika kile kipande kwa muda. Hakuimba.

Kisha akaanza kushona. Kila kipande alikigeuza, upande wa wino ukaja nje, upande wa majivu ukaenda ndani. Viwiko alivitia nguvu, ukosi akausimamisha upya, mishono ya ndani akaikunja na kuifunga kingo zote hata ukiilamba haikukwaruzi. Ukigeuza koti namna hiyo, kipande cha mbele cha kulia kinakuwa cha kushoto. Kwa hiyo matundu ya vifungo yaliyokuwa upande wa kike yakahamia upande wa kiume. Gitaa aliliona hilo na likamfurahisha. Akaona hiyo ndiyo alama kwamba koti halikununuliwa hivyo, limegeuzwa. Akashona vifungo upande wa kulia, akalipiga pasi mwenyewe bila maji, akalitundika kwa ajili ya kesho.

Sasa sikia balaa la watu wema.

Mama Vifungo ndiye aliyekuwa na ufunguo, na asubuhi aliingia kabla ya wote. Akaliona koti. Akaona vifungo viko upande wa kiume. Akakaribia, akaona kitambaa kinaonyesha upande wake wa ndani, maana macho yake hayakuweza kukosea mfumo wa kitambaa. Akashika kichwa. Kuna kosa ambalo kila anayejifunza kushona hulifanya angalau mara moja: kuunganisha vipande vya mbele kinyume, cha kulia kikaenda kushoto, cha ndani kikaenda nje. Ni kosa la wiki ya kwanza. Mama Vifungo akasema moyoni, maskini mtoto wa watu, uchovu huo, amekosea kosa la wiki ya kwanza katika siku ya mwisho.

Kitambaa asingeweza kukigeuza, lakini vifungo ni ufalme wake. Akaketi, akavitoa, akayaziba matundu ya kushoto kwa uzi wa rangi ile ile, kazi safi usiyoweza kuiona mpaka uipapase. Akavishona vifungo juu yake. Ikabaki kutoboa matundu mapya upande wa kulia, na hapo akasita. Kutoboa ni kukata.

Gitaa alipofika alimkuta amelishika koti kama mtoto mchanga.

"Nimekuokoa, mwanangu," Mama Vifungo akanong'ona. "Ulikuwa umechanganya vipande. Vifungo vilikaa kama vya babu."

Gitaa alilipokea, akapapasa ukingo, akakuta matundu yamezibwa. "Mama Vifungo. Sikuchanganya. Nililigeuza."

"Uliligeuza kwa nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Mama Vifungo akanyoosha mkono. "Basi ngoja niyafumue, si muda, nipe hapa."

Wakati huo huo viatu vya Bibi vikasikika kwenye baraza, na sauti yake ikimsalimu muuza viatu wa jirani. Akaingia. Sindano zikatulia. Gitaa akatia mikono ndani ya koti, akalivaa mbele ya Bibi, na hakukuwa na namna ya kulifunga. Vifungo viko kushoto, matundu hakuna popote.

Bibi akamtazama mara moja tu, juu mpaka chini, akaenda mezani kwake.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Gitaa alishona viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni ili mbele ya koti isiachane. Akiinuka, analishika kwa mkono mmoja kama mtu anayetoka kuoga. Mjomba, asiyejua lolote, alimwuliza kama tumbo linamsumbua. Mama Vifungo hakutia hata kifungo kimoja mahali pake. Alijichoma mara nyingi akawa ananyonya kidole. Muuguzi mkuu akaja kuchukua sare za watu wake, akasimama mbele ya Gitaa.

"Binti, vifungo unavyo vizuri kabisa. Mbona hufungi?"

"Havifungiki, mama."

"Basi vya nini? Vya kutazamwa?"

Chumba kikacheka, Mjomba zaidi ya wote, na hata muuguzi mwenyewe alicheka bila ubaya. Gitaa akainamisha kichwa kwenye mshono wa suruali ya mlinzi. Akaona mkasi unarudi nyuma ukutani, mbali, kama kitu kinachotazamwa kutoka kwenye gari linaloondoka.

"Gitaa," Bibi akaita kutoka mezani. "Robota lile la sare, mpelekee mama mlangoni."

Robota halibebwi kwa mkono mmoja. Gitaa akaachia koti, akainama, akalitupa robota begani na kugeuka. Na hapo kulikuwa na kioo kirefu cha wateja.

Alimwona msichana aliyebeba mzigo, koti limefunguka mbele kama mlango. Nje bluu ya wino, nzito, mpya kama limetoka dukani jana. Na ndani, kila alipopiga hatua, ikaonekana ile miaka: majivu, mstari wa meza tumboni, dirisha la mfuko, njia mbili za sindano ubavuni. Koti lingefungwa, ile isingeonekana na mtu yeyote. Angekuwa ametoa upande mmoja nje na kuuzika mwingine, na kazi yote ile ingekuwa ya kubadilisha tu kile kinachofichwa.

Alikuwa ameusikiliza wimbo ule mpaka simu ikachoka, lakini mbele ya kioo kile ndipo alipoufikia mwisho wake. Mwimbaji hakusema amejifunga vifungo. Hakuna mahali aliposema amejifunga.

Akampelekea muuguzi robota lake, akarudi mikono imelegea, koti likipepea. Kuanzia saa ile hakulishika tena. Aliinama likafunguka, alinyoosha mkono kuchukua uzi likafunguka, alipita kati ya cherehani kama mtu anayepita nyumbani kwake. Mdomo ukaanza kutoa gitaa, chini chini. Mchana mlinzi mmoja aliyekuja kupimwa suruali akamkazia macho.

"Hilo koti kakushonea nani?"

"Nimeshona mimi."

"Upande wa nje ni upi?"

"Pande zote mbili."

Mlinzi akafikiri, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeuziwa kitu kizuri ambacho hakukiomba. "Una bahati sare hii ni ya kampuni, la sivyo ningekupa uigeuze," akasema.

Jua likashuka. Cherehani zikafunikwa. Gitaa akavua koti, akalilaza kwenye meza ya kukatia, akasimama pembeni mikono nyuma. Mjomba akazima pasi. Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi akiitazama sakafu.

Bibi alianza na ukosi. Akaupinda, akauachia, ukarudi. Kimya. Akapitisha kidole begani, akashuka mkono wote mpaka kwenye pindo. Kimya. Akaligeuza, akatazama mishono ya ndani, akaivuta kwa kucha. Kimya. Alipofika ubavuni, kidole chake kikasimama kwenye zile njia mbili za sindano, kikakaa hapo muda ambao Mjomba aliuona mrefu akakohoa. Kisha kikaenda mbele, kwenye ukingo wa kushoto. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena.

"Huu si mkono wako," Bibi akasema.

Basi. Maneno yametoka. Mjomba akashusha pumzi na kukaa juu ya meza ya pasi. Gitaa alisimama vile vile.

"Si wangu, Bibi."

"Ni wa nani?"

"Ungeuliza kuhusu kazi yangu ningejibu. Hiyo si yangu."

Kiti kifupi kikakwaruza sakafu. "Ni mimi, mama," Mama Vifungo akasema, na sauti yake kubwa ya kila siku ilikuwa imekwenda mahali. "Nilidhani amekosea vipande. Nikataka kumsaidia. Yeye hakujua mpaka wewe ulipokuwa barazani."

"Wewe," Bibi akamwambia, "siku moja utaamka umtie vifungo mbuzi."

"Hata mimi naona."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Unaijua sheria. Nguo iliyoguswa na mkono mwingine si yako. Utashona nyingine, tutaona mwezi ujao."

"Sawa, Bibi. Nitashona nyingine. Lakini hili nitaendelea kulivaa. Hivi hivi, wazi. Sitalifunga hata vifungo vikirudi."

"Kwa nini?"

"Mshonaji haelezi."

Mjomba alikohoa tena, safari hii kwa kuficha kicheko. Bibi alikaa kitako kwenye kiti chake cha kukatia, jambo ambalo hakulifanya kabla karakana haijafungwa. "Leo eleza," akasema.

Gitaa akaeleza. Alianza vibaya, kwa haraka, akichanganya wimbo na koti, mpaka Bibi akainua mkono. "Huo wimbo unao hapo? Uwekeni tuusikie. Siwezi kuhukumu kwa kusimuliwa."

Simu ikatiwa ndani ya kopo tupu la uzi ili sauti ipande. Magitaa yakalipuka. Mama Vifungo akaziba sikio moja.

"Huyu anaumwa jino," Mjomba akasema.

"Nyamaza wewe, sikiliza," Bibi akamwambia.

Akausikiliza wote, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiliza cherehani yenye kasoro. Mama akamgusa mwanawe bega, magitaa yakakatika, kile kitu kikaanza kugonga. Gitaa alitazama chini ya meza. Mguu wa Bibi ulikuwa unapanda na kushuka, peke yake, kisigino na vidole, kisigino na vidole.

"Cherehani ya kukanyaga hiyo," Bibi akasema wimbo ulipoisha. "Na mkanda wake umelegea."

Gitaa akaitoa simu ndani ya kopo.

"Na huyo mama," Bibi akaendelea, "nani kasema amekasirika?"

"Wote wanasema, Bibi."

"Mama huyo alikuwa anatafuta kasoro begani, akakosa." Akalivuta koti, akalifungua kwa mikono miwili, ndani juu. Kidole chake kikarudi ubavuni bila kutafuta. "Hapa nilikuwa na mama yako. Watu waliniambia nikae nyumbani, mwanamke mwenye tumbo hapendezi mezani. Nikafumua nikajipa nafasi. Halafu nikarudisha, nikadhani hakuna atakayejua kamwe. Ulipoona hii, kwa nini hukuipiga pasi ikafutika? Kwa maji kidogo na pasi ya moto ingefutika."

"Ningeifuta ili iweje?"

Nje muuza viatu alikuwa anaburuta ubao wake wa kufungia duka.

Bibi akasukuma koti mezani mpaka likamfikia mjukuu wake. "Mkono mwingine umeingia, na mkono mwingine unaweza kutoka. Kaa hapa mbele yangu. Toa kila alichoweka huyu rafiki yako, usiache hata uzi."

Gitaa akakaa. Kisu kidogo kikaingia kwenye ule mshono safi wa Mama Vifungo, uzi ukatoka mmoja mmoja, matundu yakafunguka tena. Mama Vifungo alisimama nyuma yake, na kila uzi ulipotoka alijibana kidogo, kwa maana ilikuwa kazi nzuri, hata kama ilikuwa balaa. Vifungo vikakusanyika mezani. Gitaa alivikusanya kiganjani, akamgeukia.

"Chukua, mama. Mimi sivihitaji."

"Na matundu je? Utatembea na matundu yasiyo na kazi?"

"Yalifanya kazi yake kwa Bibi. Yapumzike."

Mama Vifungo akavipokea, akatia mfukoni, akavuta pua. Bibi alichukua koti, akaanza upya kabisa kutoka kwenye ukosi. Bega, mkono, pindo, ubavu, ukingo. Alipofika mwisho hakuna neno lililomtoka. Akaikunja nguo, akaiweka kando. Akainuka, akaenda kwenye msumari, akarudi na mkasi. Aliulaza mezani, mpini ukimtazama mjukuu wake, kisha akavuta jora la kitambaa cha kijani na kulikunjua mezani kote mpaka ncha ikaning'inia.

"Sketi za shule zinatakiwa kesho," akasema. "Mwanga unatuacha. Kata."

Gitaa akavaa koti lake kwanza, kisha akashika mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani miaka yote ile ya kuutazama. Akachora kwa chaki, akapima tena, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kitambaa kukituliza. Kisha akakata, kwa mkato mmoja mrefu usiosita, na kitambaa kikafunguka mbele yake.

Muuza viatu alikuwa amemaliza kufunga duka lake. Akapita, akaona taa ya jirani bado inawaka, akasimama mlangoni katikati.

"Shikamoo, Bibi. Leo hamfungi?"

"Marahaba. Fundi anakata."

"Fundi gani tena, si wewe huyu hapa?"

"Fundi wangu," Bibi akasema, na akalisema kwa sauti, mpaka wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Mjukuu wangu. Hebu sogea hapo, unamzibia mwanga."